Kemia ya viwandani England: uanagenzi wa shahada au chuo cha kawaida? Mimi na binti wa khalati

Mwaka 2019 tulikuwa wawili katika mtaa mmoja wa Manchester, mimi na binti wa khalati yangu. Sote tulikuwa tumemaliza A-level za kemia na hesabu, alama zetu zilikaribiana, na hakuna kati yetu aliyetaka udaktari, jambo lililowapa wazazi wetu kazi ya kueleza kwenye kila harusi. Yeye akaenda chuo katika mji mwingine kusoma kemia kwa miaka 4, mmoja kati ya hiyo ukiwa wa kufanya kazi kiwandani. Mimi nikaajiriwa na kampuni ya kemikali kando ya mto Mersey kama mwanagenzi, na kampuni ikawa inanipeleka chuo siku moja kwa wiki kwa miaka 5. Leo kila mmoja ana shahada yake ya kemia ukutani kwa mama yake.

Tangu hapo, kila msimu wa maombi kuna mzazi anayempigia simu mamangu kuuliza ipi bora kwa mwanawe, na mamangu hunikabidhi simu bila kuniuliza kama nina nafasi. Maneno ninayowaambia nimeyaweka hapa. Nazungumzia England peke yake. Scotland wana mpango wao wenye masharti yake.

Tuanze na jina, maana ndilo lililotutia aibu. Mjomba alipopigiwa simu Mombasa akaambiwa nimepata uanagenzi, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hivyo atakuwa fundi?" Kwake mwanagenzi ni yule kijana wa gereji anayeshika tochi huku mwenye kazi amelala chini ya gari. Simlaumu, neno lenyewe ndivyo tulivyolizoea. Lakini uanagenzi wa shahada, ulioanza England mwaka 2015, unaishia kwenye shahada ileile wanayopewa wa chuo, na cheti hakina doa wala nyota ya kuonyesha ulipitia mlango gani. Wala si attachment ya Kenya au field ya Tanzania, ambako mwanafunzi hukaa kiwandani wiki kadhaa na akiwa na bahati mbaya hurudi anajua kununua chai tu. Mwanagenzi ni mfanyakazi: ana mkataba, mshahara, likizo, na bosi anayemwuliza kwa nini amechelewa.

Je, unaruhusiwa?

Swali hili nalitanguliza kwa ajili ya wanaonisoma wakiwa Dar, Mombasa au Bujumbura. Uanagenzi haupatikani kwa viza ya mwanafunzi. Masharti ya viza hiyo hayauruhusu. Kwa kawaida unatakiwa uwe na haki ya kukaa na kufanya kazi nchini, na uwe umeishi huku miaka 3 kabla ya kuanza. Mkimbizi aliyekubaliwa hahitaji kungoja miaka hiyo. Kwa hiyo wakala yeyote wa huko nyumbani anayekuambia atakutafutia "degree apprenticeship" Uingereza ukimlipa, mshukuru na uondoke na pesa zako mfukoni.

Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi anaweza kuchukua njia ya binti wa khalati. Shahada yenye mwaka wa kiwandani ndani yake inaruhusiwa, mradi muda wa kazi usizidi nusu ya kozi. Ila atalipa ada ya mgeni, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Pesa, na lile neno riba

Kwa aliyeanza chuo mwaka wa masomo 2025/26, ada ya juu kwa mwenyeji ilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka. Mkopo wa kujikimu kwa anayeishi mbali na wazazi nje ya London ulifika pauni 10,544 mwaka huo ikiwa kipato cha nyumbani ni kidogo, na nyumba nyingi za Waswahili ninazozijua zinaingia humo. Miaka 3 ya vyote viwili inafika kama pauni 60,000. Mwaka wa kiwandani hauongezi sana, kwa kuwa ada yake haitakiwi kuzidi asilimia 20 ya ile ya kawaida na mwanafunzi huwa analipwa mshahara.

Elfu sitini inatisha ukiitaja mbele ya wazazi. Lakini si deni la kugongewa mlango. Kwa mpango wa sasa unakatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 25,000 za mshahara wa mwaka, hadi miaka 40, na kinachobaki baada ya hapo kinafutwa. Anayelipwa 28,000 anakatwa asilimia 9 ya ile 3,000 iliyozidi: pauni 270 kwa mwaka, yaani pauni 22 na nusu kwa mwezi. Kuna watu wanaolipa zaidi ya hiyo kwa gym wasiyoiendea.

Kwetu lakini tatizo halikuwa ukubwa wa deni. Lilikuwa riba, maana mkopo huu unazaa. Khalati alikaa na barua ya mkopo juu ya meza ya jikoni wiki nzima bila kuisaini. Shemeji zake wakawa na fatwa mbili tofauti: mmoja akisema ni dharura, mwingine akisema dharura gani ilhali mtoto anaweza kufanya kazi. Serikali iliulizia maoni juu ya mkopo usio na riba mwaka 2014, sheria ya mwaka 2017 ikaipa uwezo wa kuuanzisha, na hadi naandika haya haujaanza. Khalati mwishowe alisaini. Sikuwahi kumwuliza alijiambia nini, na mimi si mwenye elimu ya dini ya kumhukumu mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye uanagenzi suala hilo halipo kabisa. Ada inalipwa na mwajiri pamoja na serikali. Tangu Aprili 2017 kampuni ambayo jumla ya mishahara yake inapita pauni milioni 3 kwa mwaka hutozwa asilimia 0.5 ya hiyo jumla kwa ajili ya mafunzo kama haya, na mwanagenzi haruhusiwi kudaiwa hata senti ya ada. Najua familia mbili ambazo kijana alichagua uanagenzi kwa sababu hii moja tu, na sababu nyingine zote wakaziita ziada.

Sasa mshahara. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025, kiwango cha chini cha mwanagenzi kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Hicho ni cha aliye chini ya miaka 19, au aliye kwenye mwaka wake wa kwanza. Ukivuka hapo unaingia kiwango cha umri wako, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 10 kwa wa miaka 18 hadi 20, na 12.21 kuanzia miaka 21. Kwa wiki ya saa 37 na nusu, kile cha chini kabisa kilitoa kama pauni 14,700 kwa mwaka. Kampuni za kemikali mara nyingi hulipa juu ya hapo, na yangu ililipa.

Ila sikilizeni, kuna jambo ambalo vipeperushi havisemi. Mwanagenzi hapati mkopo wa kujikimu. Hesabu yote inasimama ikiwa kiwanda kiko karibu na kitanda cha kwa mamako. Viwanda vya kemikali havikujengwa kwenye mitaa yetu, Moss Side wala Tower Hamlets. Viko Runcorn, Widnes, Billingham, Hull, mahali palipokuwa na chumvi, makaa au bandari. Zamu yangu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili, na basi la kufika Runcorn saa hiyo kutoka mtaani kwetu halipo. Nikanunua gari. Bima ya kijana wa miaka 18 anayeishi Manchester ilikuwa inakula mshahara kabla sijauona, na mwaka wa kwanza binti wa khalati, mwenye "deni", alikuwa na pesa mkononi kuliko mimi, mwenye "kazi". Mwaka wa tatu mambo yaligeuka, nikawa ndiye ninayelipa tukienda kula kuku.

Lori langoni

Hapa ndipo njia hizi mbili zinapoachana kweli, na nitakawia kidogo.

Mwezi wa tano kazini walinipa mashine ya Karl Fischer. Kazi yake ni kupima maji yaliyojificha ndani ya kiyeyusho. Unavuta sampuli kwa sindano, unapima uzito wa sindano, unachoma kizibo cha mpira, unaingiza sampuli, unapima sindano tena, na mashine inakuambia asilimia ya maji. Siku hiyo ilikuwa isopropanoli. Kikomo chetu kilikuwa asilimia 0.10. Nje lori la tangi limepakia tani 24, dereva ameketi ndani na kikombe chake cha chai, hawezi kutoka langoni mpaka maabara iseme.

Nikapata 0.19. Moyo ukaruka. Nikarudia nikapata 0.14. Nikafikiri labda wastani. Mara ya tatu, 0.12. Nikamwendea mzee wa maabara, mtu mwenye miaka thelathini mahali pale, nikamwonyesha zile namba tatu nikitaraji ataniuliza juu ya tangi. Hakuliuliza tangi. Alizitazama kama anayesoma saa, akasema, "Maji ya kwenye tangi hayapungui kila ukiyapima. Yanayopungua ni ya kwenye sindano."

Nilikuwa nimeiosha sindano na kuichukua kabla haijakauka. Kila nilipovuta sampuli, isopropanoli ilikuwa inayasomba yale maji kidogo kidogo. Tukachukua sindano nyingine kutoka kwenye oveni ya kukaushia, tukaisuuza mara tatu kwa sampuli yenyewe, tukapima: 0.06.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yameanza. Namba mbaya hazitupwi. Kwenye daftari la maabara hakuna ufutio wala tipeksi. Zote tatu zilibaki kwa wino, zikapigwa mstari mmoja unaoacha kilicho chini kisomeke, pembeni herufi za jina langu, tarehe, na sababu. Halafu fomu ya matokeo yaliyo nje ya kikomo, sahihi ya msimamizi, sahihi ya mtu wa ubora. Saa mbili. Dereva akanywa chai nne. Alipopita dirishani akielekea langoni alinipungia mkono, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kwa wema.

Nilikuwa na miaka 18. Binti wa khalati naye alikosea jaribio muhula huohuo, akakatwa alama 6 kati ya 20, akalia, akasahau. Mimi sijawahi tena kushika sindano bila kuitazama kwenye mwanga.

Alichokijua yeye

Ningeishia hapo ningekuwa nawauzia uanagenzi, na si nia yangu.

Ilipita zaidi ya miezi kumi ndipo mhadhiri wetu, siku ya Alhamisi ya chuo, alipoandika ubaoni kinachotendeka ndani ya ile mashine: ayodini inakutana na maji moja kwa moja, molekuli kwa molekuli, pamoja na dioksidi ya salfa, besi na methanoli. Nimeshapima mamia ya sampuli na sikuwa nimejua kwamba ile rangi ya kahawia niliyokuwa naiona ikitokea mwishoni ni ayodini iliyokosa maji ya kuila. Nilifurahi, na nikaona haya kidogo. Nilikuwa kama mtu anayesali vizuri bila kujua maana ya maneno.

Kwa mwanagenzi hivyo ndivyo inavyokuwa mara nyingi: mkono unatangulia, kichwa kinafuata. Kwake ilikuwa kinyume. Mlinganyo ule aliusoma mwaka wa pili akaufanyia mtihani, na mashine yenyewe akaiona mwaka 2021 kwenye mwaka wake wa kiwandani, akanipigia simu kuuliza sindano inakaushwaje.

Lakini pima kilichomo kichwani mwake. Alisoma kemia ya kwanta kwa mihula miwili. Alitengeneza molekuli ambazo hakuna mteja aliyeziagiza, kwa sababu tu zilikuwa za kuvutia. Aliingia kwenye chumba cha NMR, mashine za kusoma umbo la molekuli, akakaa na mashine za bei ya nyumba. Na mwaka wa mwisho, baada ya kule kiwandani kwenye kampuni ya rangi, alibadili mawazo: akaacha kemia ya ogania aliyoipenda tangu shule, akaingia kwenye vifaa vya betri. Hakumwomba mtu ruhusa, alichagua moduli nyingine tu kwenye orodha.

Mimi kwa miaka 5 nimejua viyeyusho. Navijua sana: ukinipa kitambaa kilichodondokewa naweza kukuambia ni asetoni au ethili asetati kabla hujakifikisha puani kwangu. Kozi yangu ilikuwa na mambo mengine, bila shaka, na shahada inabeba "credits" 360, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kama yake. Lakini miradi yangu yote ilitakiwa iisaidie kampuni. Mradi wa mwisho niliutaka uwe juu ya vichocheo. Ukawa juu ya kupunguza muda wa uchambuzi kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, kutoka dakika 22 hadi 13. Kampuni wanautumia mpaka leo. Ni mradi mzuri na sikuuchagua.

Kwa anayeota PhD, hili ni jambo la uzito. Mlango haujafungwa kwa mwanagenzi, shahada ni shahada. Ila atakayekutana naye mlangoni ni mtu wa miaka 4 au 5 ya kemia tupu, mwenye msimamizi anayemjua kwa jina la kwanza. Kwa vyovyote, uliza kama kozi imethibitishwa na Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia wa Uingereza. Si zote, kwenye njia zote mbili.

Siku zako ni za nani

Wiki yangu: siku 4 kazini, Alhamisi chuo, jioni vitabu. Wapo wanaosoma kwa mbali kabisa, kupitia kompyuta, na kwenda chuoni kwa vipindi vifupi vya maabara. Hao hawana hata ile safari ya treni. Marafiki zangu wa kazini walikuwa na wajukuu. Niliwapenda, lakini huwezi kumwambia mtu wa miaka 61 twende tukacheze mpira usiku.

Likizo ndiyo iliyoniuma. Kisheria mfanyakazi anapata siku 28 kwa mwaka, na humo huhesabiwa siku za mapumziko ya taifa. Toa mbili za Idd, toa za mitihani ulizoongezea mwenyewe kwa woga, toa ya harusi ya Leicester. Binti wa khalati alikuwa na kiangazi kizima. Mwaka 2022 alikwenda Mombasa wiki 9, akamwuguza bibi yetu, akajifunza kupika mkate wa mofa, akarudi Kiswahili chake kimekaza. Mimi nilikwenda siku 12, mbili kati yake safarini. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Siku zile siwezi kuzitia kwenye hesabu yoyote ya pauni, na sijaona tovuti ya serikali inayozitaja.

Halafu kuna lile la siku ya chuo. Kwenye makubaliano saa za masomo ni saa za kazi, zinalipwa, ni zako. Kwenye zamu mambo ni mengine. Wachambuzi wawili wakiugua, meneja alikuwa anakuja na uso wa huruma: "Unaweza kuisogeza Alhamisi yako?" Muhula mmoja niliisogeza mara tatu, moja yao ikiwa siku ya marudio kabla ya mtihani wa kemia ya fizikia, na matokeo yalionyesha. Nilikuwa mdogo, tena nimelelewa nisimjibu mkubwa. Sikujua kwamba mlezi wa chuo, yule anayekaa na wewe na meneja kila baada ya miezi michache, yupo hasa kwa ajili ya malalamiko kama hayo. Nilikuwa namwambia kila kitu kiko sawa, kama tunavyojibu tukiulizwa habari za nyumbani.

Wakati wa korona mizani ilielemea kwangu, na sidhani itatokea tena. Machi 2020 yeye alirudishwa nyumbani, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya maabara yake ilikuwa video: akiandika namba za jaribio lililofanywa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa na barua ya kampuni mfukoni nikiendesha kwenye barabara tupu, kwa sababu kila mtu duniani alitaka isopropanoli ya kusafishia mikono.

Kampuni ikifunga

Chuo hakifungi katikati ya shahada yako, kwa kawaida. Kiwanda kinaweza, na kemia ya viwandani Uingereza haina raha siku hizi.

Mfano ulio karibu na kwetu kuliko unavyodhani: Northwich, Cheshire. Hapo Winnington ndipo Brunner na Mond walipoanzisha kampuni yao ya magadi soda mwaka 1873, na hapohapo mwaka 1933 ndipo politheni ilipogunduliwa, ikiwa kitu cheupe kama nta kilichobaki ndani ya chombo cha jaribio la shinikizo kubwa. Mwaka 1924 Brunner Mond waliichukua kampuni ya Magadi Soda, kule ziwani Kajiado. Kwa miongo mingi Magadi na Northwich zilikuwa mtu na nduguye, na baadaye zote zikaangukia mikononi mwa Tata Chemicals. Mwanzoni mwa 2025 kiwanda cha magadi soda cha Lostock, Northwich, kilisimamisha uzalishaji huo. Mwaka huohuo SABIC wakaamua kukifunga kiwanda chao kikubwa cha olefini, malighafi ya plastiki, pale Teesside. Gesi ghali, umeme ghali, na bidhaa ya bei nafuu inayotoka nje.

Mwanagenzi akipunguzwa kazi haachwi peke yake. Akiwa amebakiza miezi 6 au chini ya hapo, au ameshavuka asilimia 75 ya mafunzo, anaweza kugharimiwa mpaka amalize. Aliye nyuma ya hapo anapewa muda wa wiki 12 hivi kutafuta mwajiri mwingine huku chuo kikimsaidia. Wiki 12 katika eneo ambalo kiwanda kikubwa kimefungwa si nyingi. Kwa hiyo kabla ya kusaini, soma habari za kampuni kama unavyochunguza ukoo wa mchumba. Wanaotengeneza dawa au bidhaa za nyumbani, kama AstraZeneca wa Macclesfield au Unilever wa Port Sunlight, wana upepo tofauti na wanaopasua gesi, na wote wawili wamewahi kuchukua wanagenzi wa shahada. Nafasi lakini ni chache na zinagombewa kuliko nafasi za vyuo vingi, na hazina tarehe moja ya mwisho kama UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo, ambao unafunga Januari. Zinatokea kuanzia vuli, moja hapa moja kule, na nzuri hujaa mapema.

Nani aende wapi

Mamangu akinipa simu, huwa nauliza maswali kabla ya kujibu. Mtoto anaipenda maabara yenyewe, au anapenda kufaulu kemia? Si kitu kimoja. Anayependa kurudia kitu kilekile mara arobaini ili namba ya tatu baada ya nukta itulie, huyo uanagenzi utamfaa, na pesa atazipata njiani. Anayechoka upesi na kuwaka upesi, mwenye maswali ya "kwa nini" kuliko "vipi", mpelekeni chuo, na mkazanieni achukue kozi yenye mwaka wa kiwandani, maana bila huo atatoka na karatasi asiyejua oveni ya sindano iko wapi. Kama riba haiingii nyumbani mwenu, shauri limekwisha nusu. Kama kiwanda kiko mbali na hamna ndugu wa kumpokea, limekwisha nusu upande wa pili.

Kuhusu mishahara ya baadaye nitasema langu tu. Alipoanza kazi mwaka 2023, alianza na karibu kile nilichokuwa nalipwa mimi mwaka wa nne wa uanagenzi. Leo amenipita kidogo, kwa kuwa betri zinalipa kuliko viyeyusho. Yeye anakatwa mkopo kila mwezi, mimi sikatwi, na tukiwekeana hati za mshahara mezani tofauti inakuwa ya kulipia chakula cha jioni.

Nikirudishwa 2019 ningechagua vilevile. Kwa mdogo wangu sina uhakika huo. Ana miaka 17, mwezi huu ni kemia, mwezi uliopita ilikuwa uchumi. Novemba nilimpeleka kwenye jioni ya wazi ya kampuni moja inayotafuta wanagenzi. Nilimfundisha swali moja tu la kuuliza: siku ya chuo ikigongana na upungufu wa watu kwenye zamu, nani anaamua? Aliuliza vizuri, kwa adabu, amesimama. Meneja akacheka, akamtazama mwenzake, akasema ni swali zuri sana, kisha akatuongoza kwenda kuona mashine mpya ya kromatografia.

Tulipoingia garini mdogo wangu alitoa simu akafungua fomu ya UCAS. Alijaza jina na anwani, akafika kwenye kozi, akasita. Halafu akaniuliza ile mashine ilikuwa inapima nini.